Death on the Nile ziko tatu: uweke ya 1978, ya 2004 au ya 2022?

Ukimwomba kijana anayeweka muvi kwenye flashi akuwekee Death on the Nile, uwe Mtwara mjini au Lindi, atakupa ya 2022 bila kuuliza, kwa sababu ndiyo mpya na ndiyo yenye picha kali. Si kosa lake. Lakini ziko tatu zinazofaa kutazamwa, na ingawa maiti ni ileile na mto ni uleule, ukimaliza moja utadhani waliotengeneza nyingine walisoma kitabu tofauti. Ya 1978 ina Peter Ustinov akimcheza mpelelezi wa kisa. Ya 2004 ina David Suchet, nayo ilitengenezwa kwa ajili ya televisheni ya Uingereza. Ya 2022 ina Kenneth Branagh, aliyeiongoza na kuicheza mwenyewe. Zote zimetoka kwenye riwaya moja ya Agatha Christie, iliyochapishwa 1937.

Nazilinganisha kwa ajili ya mtu wa huku kusini mwenye jioni moja, TV moja na sebule ya watu mchanganyiko: mama mkwe kwenye kochi, wapwa kwenye mkeka, jirani aliyekuja kuchaji simu akaamua kukaa. Kwa sebule hiyo jibu langu ni ya 1978, na nitaeleza kwa nini. Kwa anayetazama peke yake jibu linabadilika, na kwa mwenye kibanda umiza cha kuonesha muvi linabadilika tena.

Kisa, bila kumwaga mchele

Linnet Ridgeway ni msichana mwenye mali nyingi kupita kiasi. Rafiki yake Jacqueline hana kitu, ila ana mchumba anayempenda, Simon Doyle, na anamleta kwa Linnet ili apewe kazi. Hazipiti siku nyingi, Linnet ndiye anayeolewa na Simon. Maharusi wanakwenda fungate Misri, na kila wanapofika wanamkuta Jacqueline ameshatangulia, anawatazama. Wanapanda meli ya mvuke iitwayo Karnak ili wamkimbie. Naye anapanda.

Usiku mmoja Linnet anapigwa risasi ya kichwa akiwa amelala. Melini wamo watu wachache tu, na karibu kila mmoja alikuwa na sababu ya kumtakia mabaya. Yumo pia Hercule Poirot, mpelelezi wa Kibelgiji mwenye masharubu anayoyatunza kuliko watu wengine wanavyotunza magari yao. Zaidi ya hapo sisemi. Aliyeua ni yuleyule katika filamu zote tatu, na hilo ni muhimu kwa sababu nitakayoieleza mwishoni.

Poirot si mgeni sana kwa msomaji wa Kiswahili. Aliyesoma Muhammed Said Abdulla anamjua Bwana Msa wa Mzimu wa Watu wa Kale na Kisima cha Giningi: mvuta kiko, hapigani, hakimbizani, anauliza maswali yanayoonekana ya kipuuzi, kisha anafikiri mpaka fumbo linafumbuka. Willy Gamba wa Elvis Musiba ni wa ukoo mwingine kabisa. Yule bastola iko kiunoni na ndege inamsubiri. Kumbuka majina hayo mawili. Ya 1978 ina damu ya Bwana Msa. Ya 2022 inaanza kwa Bwana Msa, halafu katikati inatamani kuwa Willy Gamba.

Kipimo changu ni kimoja. Filamu ya namna hii ni kama ngoma ya mapiko: raha yake ni kubahatisha nani yumo ndani ya kinyago, huku ukitazama miguu, ukitazama anavyotikisa bega, ukibishana na aliye pembeni yako. Kwa hiyo siulizi kwanza ipi ina picha nzuri au mastaa wengi. Nauliza ipi inakuachia nafasi ya kuitazama hiyo miguu.

Ya 1978: inakuonesha kila kitu, halafu inakucheka

Iliongozwa na John Guillermin, na hati yake iliandikwa na Anthony Shaffer. Ina urefu wa dakika 140. Ukiianza saa mbili usiku, inaisha saa nne na dakika ishirini, na maiti ya kwanza haipatikani mpaka karibu saa nzima ipite. Nimeona watu wakinuna hapo. "Mbona hafi mtu?" Waambie wavumilie, kwa sababu hiyo saa ya kwanza si ya kupoteza muda. Ndiyo saa ambayo Shaffer anapanga washukiwa wake mmoja mmoja, na kila mmoja anamwonesha akikosana na Linnet mbele ya macho yako. Msimamizi wa mali anaficha hesabu. Mtumishi ameahidiwa fedha za kuolewa na sasa anazungushwa. Mwandishi wa vitabu ameshtakiwa kwa kumchafulia Linnet jina. Bibi kizee wa Kimarekani macho yake hayabanduki kwenye lulu za shingoni mwa bibi harusi. Baada ya saa hiyo, hata mtoto wa darasa la tano anaweza kukutajia nani ana kinyongo gani.

Kisha linakuja jambo linaloifanya filamu hii ishinde kwenye sebule. Poirot anapomhoji mshukiwa, anamweleza usoni namna ambavyo angeweza kuua, na filamu inakuonesha kwa picha: huyu ananyata kwenye korido, anafungua mlango, anaelekeza bastola. Halafu mwingine, usiku uleule, mlango uleule, bastola ileile. Unamwona kila mmoja akiua, na unajua ni mmoja tu aliyeua kweli. Kwa mtu ambaye Kiingereza chake kilibaki darasani, hii ni neema kubwa. Hahitaji kufuata kila sentensi. Anaona hoja ikichezwa. Mama mkwe asiyejua Kiingereza hata neno anaweza kusema "huyu hapana, mkono wake unatetemeka", na akawa na hoja ya maana kuliko mwenye digrii aliyekaa karibu naye.

Wachezaji wake ni wa kiwango ambacho siku hizi ni vigumu kukikusanya mahali pamoja: Bette Davis, Maggie Smith, Angela Lansbury, Mia Farrow, David Niven, Jane Birkin. Davis na Smith wanacheza bibi tajiri na msaidizi wake wasiopendana, na kila wanapokuwa pamoja wanarushiana maneno makali kwa sauti tulivu, kama mawifi kwenye shughuli. Lansbury ni yule mwandishi, amelewa kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na pale anapocheza tango na mwanamume asiyetaka kucheza, sebule nzima itaangua kicheko. Ucheshi huo ni sehemu ya hila. Ukicheka unaacha kuchunga.

Ustinov hafanani na Poirot wa kitabuni. Poirot wa Christie ni kijitu kifupi, kichwa kama yai, nadhifu mpaka anachosha. Ustinov ni mtu mkubwa, mzito, mwenye tumbo na bashasha. Wapenzi wa vitabu wanalalamika mpaka leo. Mimi silalamiki, kwa sababu anafanya kitu ambacho wenzake hawakiwezi: anaonekana mjinga kidogo, mtu wa kula na kulala, na washukiwa wanamdharau. Alimcheza Poirot mara sita kwenye filamu za sinema na za televisheni, na hii ndiyo ya kwanza.

Halafu kuna Misri yenyewe. Walikwenda kweli. Unaona Aswan, unaona nguzo za hekalu la Karnak, unaona Abu Simbel, na jua unalolitazama ni jua la kweli; walilazimika kujipodoa alfajiri ili wapige picha kabla ya joto la mchana kuwashinda. Mpiga picha alikuwa Jack Cardiff, na mwanga wake wa jioni kwenye maji ni kitu ambacho mtu aliyekulia pwani atakitambua mara moja kuwa hakikutengenezwa na kompyuta. Muziki ni wa Nino Rota, yuleyule wa The Godfather. Mavazi ya Anthony Powell yalipata tuzo ya Oscar. Kina mama wanaoshona watapenda kuisimamisha mara kwa mara watazame mikono ya magauni.

Kasoro yake ya wazi ni kwamba sauti imezeeka. Kwenye spika ndogo ya TV mazungumzo ya melini yanafifia, na kama nakala uliyopewa ni ile iliyonakiliwa kutoka mkanda wa zamani, utahangaika. Omba nakala safi, na omba yenye maandishi ya tafsiri chini hata kama ni ya Kiingereza. Kusoma Kiingereza ni rahisi kuliko kumsikia Bette Davis akikisema akiwa ameng'ata meno.

Ya 2022: nzuri kwa macho, na ina haraka na moyo wako

Bette Davis, wakati wa kutengeneza ile ya 1978, alilalamika kwamba zamani wangekujengea mto Nile studioni badala ya kukupeleka mbali namna ile. Miaka zaidi ya 40 baadaye Branagh akafanya hivyohivyo. Meli nzima ilijengwa kwenye studio za Longcross huko Uingereza, Abu Simbel ikajengwa upya, na mto mwingi unaouona ni kazi ya kompyuta. Ilipigwa kwa filamu pana ya milimita 65, kwa hiyo kwenye TV kubwa inang'aa mno. Ndiyo tatizo lake la kwanza. Mamba, ndege, machweo, maji ya buluu, kila kitu kimesafishwa mpaka kinafanana na kalenda ya benki. Wapwa zangu walipenda. Mimi nilikuwa natafuta vumbi.

Branagh anaanza na jambo ambalo Christie hakuliandika: Poirot kijana akiwa askari Ubelgiji mwaka 1914, kwenye mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza, kwa picha za rangi nyeusi na nyeupe. Hapo tunapewa sababu ya masharubu. Kitabuni masharubu ni maringo ya mwanamume anayejipenda. Kwa Branagh ni kovu na msiba. Kuanzia hapo filamu inakuwa hadithi ya mapenzi: nani alimpenda nani, mapenzi yanamfanya mtu atende nini, Poirot mwenyewe alimpoteza nani. Imefanywa vizuri, na kuna watu watalia. Lakini muda unaotumika kwa moyo wa Poirot unatolewa kwa washukiwa. Wengine wanapata dakika chache tu za kujitambulisha kabla hawajaanza kuhojiwa, na kuhojiwa kwenyewe kunakwenda mbio, kamera ikizunguka, muziki ukipanda. Nikirudi kwenye kipimo changu: ngoma ni kubwa, taa zinawaka, lakini miguu ya mchezaji huioni.

Kwa upande wa washukiwa wenyewe Branagh amebadilisha mengi. Yule mwandishi mlevi amekuwa mwimbaji wa bluzi, Salome Otterbourne, akichezwa na Sophie Okonedo kwa nyimbo za Sister Rosetta Tharpe, na mpwa wake ni Letitia Wright. Nawaambia kweli, kila Okonedo anapoingia filamu inasimama wima. Anatazama watu kana kwamba ameshawajua wote tangu walipopanda meli. Kama ingekuwa juu yangu, kesi angepewa yeye. Lulu nazo zimegeuka mkufu wa almasi ya manjano, na rafiki wa Poirot kwenye uchunguzi si yule kanali wa kitabuni bali Bouc, kijana aliyetoka kwenye Murder on the Orient Express ya 2017, pia ya Branagh. Si lazima uwe umeiona hiyo, ila ukiwa umeiona utamjali Bouc zaidi.

Jambo la kusema wazi kwa wenye familia: ya 2022 ina dansi la klabuni mwanzoni, Jacqueline na Simon wakicheza kwa namna ambayo mbele ya mama mkwe utatafuta rimoti chini ya mto wa kochi. Kuna na kukumbatiana kwingine baadaye. Marekani waliipa daraja la PG-13 (wazazi wawe waangalifu zaidi na walio chini ya miaka 13), na ile ya 1978 waliipa PG (uangalizi wa wazazi tu). Hii haina maana kwamba ya 1978 ni ya watoto wadogo. Kuna maiti zaidi ya moja, na damu yake ni ile nyekundu ya kizamani inayoonekana kama rangi ya mlango, lakini ni damu.

Urefu ni dakika 127. Hapa pia kifo kinachelewa, ila watu hawanuni, kwa sababu kuna kitu cha kutazama muda wote. Kuna kukimbizana, kuna bastola kuelekezwa usoni. Anayelala kwenye muvi za kuzungumza hatalala.

Ya 2004, kwa ufupi

David Suchet alimcheza Poirot kwenye televisheni kuanzia 1989 hadi 2013, na waliosoma vitabu wengi wanakubaliana kwamba ndiye mwenyewe: mwendo wa hatua fupi, koti lisilo na unyuzi, sauti ya mtu anayepima kila neno. Hii ya kwake ni ya saa moja na nusu hivi. Linnet anachezwa na Emily Blunt kabla hajawa nyota. Meli waliyoitumia ni Sudan, meli ya mvuke ya kweli ya mto Nile ambayo bado inabeba watalii.

Ni safi, inafuata kitabu kwa karibu kuliko ile ya 2022, na haina mbwembwe. Pia haina ucheshi wa kutosha kuwaweka wapwa kwenye mkeka. Naipendekeza kwa mtu mmoja au wawili, laptopu juu ya kitanda, hedifoni masikioni. Na ina faida moja ambayo watu wa huku hatuipuuzi: umeme ukikatika, betri nzuri ya laptopu itakufikisha mwisho. Dakika 140 za Ustinov ni kamari kubwa zaidi, hasa wakati wa mvua.

Wenye mto wako wapi?

Hili haliko kwenye ulinganisho wa wengine, lakini mtu wa sebuleni kwangu aliliuliza na sikuweza kumjibu vizuri: hivi Wamisri wako wapi? Sehemu ya maji ya Nile inatoka Ziwa Victoria, kwa hiyo Mtanzania ana haki ya kuuliza habari za mto ule.

Jibu si zuri kwa filamu yoyote kati ya hizi. Misri ilipewa uhuru wa jina 1922, majeshi ya Uingereza yakabaki, na 1936, mwaka mmoja kabla ya kitabu kutoka, nchi hizo mbili zilitia saini mkataba kuhusu majeshi hayohayo. Hakuna hata mshukiwa mmoja anayetamka jambo hilo. Wamisri wanabeba mizigo, wanaendesha punda, wanamimina chai. Hata kushukiwa hawashukiwi. Kwenye ya 1978, mtu wa nchi anayepewa maneno ya maana ni meneja wa meli, naye ni wa kuchekwa Kiingereza chake, tena kachezwa na I. S. Johar, mchekeshaji wa Kihindi. Ya 2022 imejitahidi kwa kuweka watu weusi na Mhindi Ali Fazal miongoni mwa washukiwa, na hapo inaizidi ya 1978 waziwazi, lakini Wamisri wenyewe wamebaki nyuma ya pazia.

Kuna na jambo la Abu Simbel. Hekalu unaloliona kwenye ya 1978 ni la kweli, ila lilipo si palipokuwa enzi za kisa. Kati ya 1964 na 1968 lilikatwa vipande na kupandishwa juu, zaidi ya mita 60, ili ziwa la bwawa kuu la Aswan lisilimeze. Kwa hiyo filamu ya kweli ina hekalu lililohamishwa, na filamu ya studio ina hekalu la uongo. Wamisri walau walihamisha chao kikabaki kwao. Sisi mifupa ya dinosaria ya Tendaguru, iliyochimbwa Lindi kati ya 1909 na 1913, ukitaka kuiona imesimama inabidi ufike Berlin. Nimetoka nje ya mada, narudi.

Kibanda umiza na mtafsiri

Kama una kibanda au unafikiria kuonesha nakala iliyotafsiriwa, hapa ushauri wangu unageuka. Tangu enzi za Lufufu, aliyevuma kwa kutafsiri muvi, mtafsiri wa muvi wa Tanzania ana kanuni zake: stelingi anatambulishwa mara anapoingia, adui anatambulishwa mara anapoingia, na katikati kuna utani wa mtafsiri mwenyewe. Kwa filamu ya ngumi ni raha tupu. Kwa filamu ya nani-kaua ni janga. Mtafsiri akishasema "huyu ndiye adui mwenyewe, mtamwona baadaye", watu warudi nyumbani. Na hata asiposema, akipiga utani juu ya sentensi ambayo ndani yake kuna ushahidi, hakuna atakayerudishiwa ushahidi huo.

Ya 1978 imejaa sentensi za namna hiyo. Kila neno la mezani lina kazi. Ndiyo maana kwa kibanda nasema weka ya 2022: inasimama kwa picha, muziki na kukimbizana, na mtafsiri akiifunika hapa na pale haivunjiki sana. Mabenchi yatabaki yamejaa. Ya 1978 iweke nyumbani, ambako kama kuna mtu wa kutafsiri basi ni mmoja wenu, anayenong'ona na kuulizwa "amesemaje?" Hapo jukumu la mtafsiri mpe asiyeijua filamu. Aliyekwishaiona atajisaliti kwa sauti tu.

Na kuna namna moja ya kuitazama ambayo ya 1978 inaikubali kuliko wenzake. Karibu na mwisho Poirot anawakusanya wote waliosalia kwenye ukumbi wa meli. Mara tu wanapokaa, bonyeza kusimamisha. Kila mtu ataje jina na sababu moja: mama mkwe, wapwa, jirani wa kuchaji simu. Leta ming'oko au korosho, wacheni mabishano yapande. Kwenye ya 2022 nafasi hiyo ni finyu, kwa sababu mkusanyiko wenyewe unakuja kwa fujo na kabla hujapata rimoti jina limeshatajwa.

Uanze na ipi, na kama umeshachelewa

Kwa kuwa muuaji ni mmoja kwa zote, fumbo unalipata mara moja tu. Ndiyo sababu napinga kuanza na ya 2022. Unatumia fumbo lako kwenye filamu isiyolijali sana. Anza na ya 1978. Ikipita miezi, watu wakasahau maelezo madogo, weka ya 2022 kwa ajili ya Okonedo, mavazi na ile meli. Kujua muuaji hakutakuharibia, kwa sababu ile inakwenda kwa hisia. Ya Suchet iweke ya mwisho, siku ya kutaka kuona Poirot wa kitabuni anafananaje.

Kama umeshaiona ya 2022 na muuaji unamjua, usilazimishe. Utaitazama ya 1978 kwa ajili ya Maggie Smith na jua la Aswan, nayo ni sababu nzuri, lakini kubahatisha hakutakuwepo. Badala yake tafuta Evil Under the Sun ya 1982. Poirot ni Ustinov yuleyule, hati ni ya Anthony Shaffer yuleyule, Maggie Smith na Jane Birkin wamerudi, ila kisa ni kingine: hoteli kisiwani, mwigizaji maarufu amekutwa amekufa ufukweni, na kila mmoja ana ushahidi kwamba alikuwa mahali pengine. Mwombe kijana wa flashi aziweke zote mbili, halafu mama mkwe achague.